Ajira Ugenini: Kutoka Mkataba wa Madyan hadi Mikataba ya Vijana wa Dar es Salaam

 

Ndugu msomaji, katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Tandale, Mwananyamala na Kawe upande wa Kinondoni, hadi Keko, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, ajira inayovuka mipaka ya nchi ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mgeni anayekuja. Huyu ni mwenye kiwanda, mwenye duka la jumla au taasisi ya kheri kutoka nje, anayeajiri madereva, walinzi, wahasibu na walimu wa madrasa katika mitaa yetu. Mlango wa pili ni wa kijana anayeondoka. Huyu ni binti anayekwenda kufanya kazi za nyumbani Muscat au Dubai, au kijana wa kiume anayekwenda kuendesha gari Doha.

Katika milango yote miwili mwajiri ni wa nchi moja na mwajiriwa ni wa nchi nyingine. Hapo ndipo linapozuka swali: ni sheria ya nani inayomfunga mwajiri huyo? Na je, Muislamu anayejua hukumu za ijara katika vitabu vya fiqhi analazimika kufuata sheria ya kazi iliyopitishwa na bunge la nchi isiyokuwa yake?

Wako wanaojibu kwamba hizo ni sheria za watu, na kwamba maadamu mwajiri amekubaliana na mwajiriwa wake, yatosha. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa jibu hilo si sahihi kifiqhi, na kwamba historia ya mwambao wetu imekwisha kutuonyesha madhara yake.

Mgeni wa Madyan

Qur'an Tukufu imetusimulia mkataba wa ajira hatua kwa hatua, nao ni mkataba wa mgeni. Nabii Musa (A.S.) aliingia Madyan akiwa amekimbia Misri, hana jamaa, hana mali, wala mtu wa kumdhamini. Katika Suratul-Qasas (28:25-28) tunaelezwa jinsi mmoja wa mabinti wawili alivyomshauri baba yake amuajiri, akitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Mzee huyo, ambaye wafasiri wamekhitilafiana kama ni Nabii Shu'aib (A.S.) au mja mwema mwingine, hakumtuma Musa machungani kisha mambo mengine yajulikane baadaye. Walikaa wakapatana kwanza.

Tukiyatazama mapatano yale tunakuta mambo manne. Kwanza, muda ulitajwa, nao ni miaka minane, na miwili ya ziada ikaachwa iwe hiari ya Musa mwenyewe. Pili, malipo yalijulikana, kwani kazi ile ndiyo ilikuwa mahari ya binti wa yule mzee. Tatu, mwajiri alitamka kuwa hakusudii kumtia mwajiriwa wake katika mashaka. Nne, Musa (A.S.) naye alisema kauli yake: muda wowote kati ya ile miwili atakaoutimiza, asifanyiwe uadui wa kudaiwa zaidi, na Allah ndiye shahidi wa waliyoyasema. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Musa alitimiza muda ule mrefu zaidi.

Mwenye nguvu katika mapatano yale alikuwa mwajiri. Nyumba ni yake, wanyama ni wake, na nchi ni yake. Musa hakuwa na pa kukimbilia. Pamoja na hayo, mzee yule hakuutumia udhaifu wa mgeni wake kuacha masharti yakiwa gizani.

Katika historia ya Makka kabla ya Utume pia kuna tukio linalogusa mada yetu. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, aliuza bidhaa zake kwa Al-As bin Wail, mkubwa miongoni mwa Makuraishi, naye akakataa kumlipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo Makka wa kumtetea, na kwa desturi ya wakati ule asiye na ukoo hakuwa na haki inayoweza kudaiwa. Ndipo baadhi ya koo za Kikuraishi zilipokutana katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, wakaapizana kusimama pamoja na kila mwenye kudhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni. Mapatano hayo ndiyo Hilful-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya Utume alieleza kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu angeitika. Hivyo basi, kumtetea mgeni aliyenyimwa haki yake ni jambo ambalo Mtume wetu alilishuhudia kwa macho yake na akalithibitisha.

Hukumu ya ijara na sheria ya mahali

Fiqhi ya Imam Shafii, ambayo ndiyo iliyosomeshwa kwa karne nyingi katika misikiti ya mwambao kupitia vitabu kama Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), inaiweka ijara juu ya nguzo zinazojulikana: wenye kufunga mkataba, tamko la kukubaliana, manfaa yanayokodiwa na ujira. Manfaa sharti yajulikane, na ujira sharti ujulikane. Kisichojulikana huingiza gharar, yaani hadaa na utata, na gharar huharibu mkataba.

Wanazuoni waliifuata kanuni hii hadi katika mambo madogo. Je, yafaa kumuajiri mtu kwa malipo ya kulishwa na kuvishwa tu? Imam Malik aliruhusu kwa kuitegemea ada ya watu. Imam Abu Hanifa aliruhusu kwa mama wa kunyonyesha peke yake. Ama madhehebu ya Shafii yalikataa, kwa kuwa chakula na nguo zisizoelezwa kiasi chake ni ujira usiojulikana. Msomaji wa Magomeni au Chang'ombe anayemweka binti wa kazi kwa mapatano ya kula na kulala, na "kitu kidogo" mwisho wa mwezi, aipime ajira hiyo kwa madhehebu anayodai kuyafuata.

Wanazuoni wa Kishafii wameeleza vilevile kuwa nyakati za Swala za faradhi zimetoka ndani ya muda wa kazi bila ujira kupunguzwa, hata kama hazikutajwa katika mapatano. Hapa tunaona kwamba mkataba una masharti yasiyoandikwa ambayo yanawafunga wote wawili.

Tukiyaelewa haya, tunaweza kulijibu swali letu kwa hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni ahadi. Suratul-Maida (5:1) inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba. Na katika hadithi iliyopokewa na Imam Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mgeni anayeomba leseni ya biashara na kibali cha kuishi Tanzania ameingia nchini kwa sharti la kufuata sheria zake. Mafaqihi wa zamani walipozungumzia Muislamu anayeingia nchi isiyo ya Kiislamu kwa amani aliyopewa, walikubaliana kuwa ni haramu kwake kuwafanyia khiyana wenyeji wake. Ikiwa ndivyo katika nchi ambayo huenda ikawa na uadui na Waislamu, itakuwaje katika nchi ambayo waajiriwa wenyewe wengi ni ndugu zake katika imani?

Hoja ya pili ni urf, yaani ada inayojulikana. Kanuni ya mafaqihi ni kwamba jambo lililokwisha kujulikana kwa ada lina nguvu ya jambo lililoshurutishwa kwa maneno. Sheria ya nchi inayoeleza saa za kazi, likizo na notisi ni maarufu kuliko ada. Anayemuajiri mtu Temeke bila kutaja likizo amemuajiri kwa likizo ile inayojulikana Temeke, si ile ya nchi aliyotoka.

Hoja ya tatu ni maslahi. Kiongozi anayo haki ya kuweka mipaka katika mambo ya mubaha kwa maslahi ya watu. Kuwalipa wafanyakazi zaidi, kuwapumzisha na kuwaandikia mkataba hakuna ndani yake haramu hata moja. Kwa hiyo hakuna mlango wa kukimbilia kwa anayesema kuwa sheria hiyo haimhusu kwa sababu imetungwa na watu.

Atakayeyapuuza yote haya na aikumbuke hadithi Qudsi iliyopokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Humo Allah (S.W.) ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mdai wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuajiri mtu, akaitimiza kazi yake yote kutoka kwake, kisha asimpe ujira wake.

Wapagazi: mkataba Unguja, kazi Kongo

Sasa tuitazame historia ya mwambao wetu. Katika karne ya 19 ajira kubwa ya wageni hapa ilikuwa ya upagazi. Wazungu waliotaka kwenda bara walifika Unguja au Bagamoyo, wakaajiri watu kwa miezi na miaka, nao wakabeba mizigo hadi Tabora, Ujiji na kwingineko. Wapagazi huru, hasa Wanyamwezi, walikuwa na desturi zao za kazi. Walijua uzito wa mzigo, posho ya njiani na malipo ya mbele, na msafara ulioyavunja mapatano waliutoroka. Ama wengi walioajiriwa mjini Unguja walikuwa watumwa waliokodishwa, na mabwana zao walichukua sehemu ya ujira wao.

Mfano ulio mashuhuri ni wa Henry Morton Stanley. Mwezi Februari 1887 aliajiri Unguja watu zaidi ya 600 kwa safari ya kumfuata Emin Pasha. Aliwapakia katika meli ya Madura, wakazunguka kusini mwa Afrika yote hadi mdomo wa Mto Kongo. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa katika meli hiyohiyo, naye alikuwa amefunga na Stanley mkataba Unguja, katika ubalozi mdogo wa Uingereza, wa kumpatia wapagazi wengine.

Mikataba hiyo ilifungwa Unguja, mahali penye kadhi, balozi na Sultani. Ama kazi ilifanyika katika misitu ya Kongo, mahali ambapo mpagazi hakuwa na yeyote katika hao. Kundi lililoachwa nyuma Yambuya lilifikwa na njaa na maradhi, na wengi wakafa. Adhabu ya viboko waliyokuwa wakipewa wapagazi imeandikwa na maafisa wa Kizungu wenyewe katika kumbukumbu zao. Safari ilipomalizika Bagamoyo mwishoni mwa 1889, sehemu kubwa ya wale walioondoka hawakuwamo.

Stanley alipoona kuwa Tippu Tip hakutimiza mkataba wake wa kumpatia watu, alifungua madai dhidi yake Unguja. Mwajiri alijua pa kupeleka malalamiko yake. Ama mpagazi aliyezikwa Yambuya, ni mahakama gani iliyomngojea? Hili ndilo jambo la kwanza tunalojifunza: dhulma ya ajira ya ugenini hupata nafasi pale ambapo mkataba uko mahali pamoja na kazi iko mahali pengine, na mwajiri peke yake ndiye mwenye mkono wa kufika kote kuwili.

Wajenzi wa reli: sheria iliyowafuata wafanyakazi

Miaka michache baadaye Uingereza ilianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao Waislamu walikuwa wengi.

Serikali ya India haikuruhusu watu hawa waondoke hivi hivi. Ilikuwapo Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1883, na ilibidi irekebishwe mwaka 1896 ndipo kuajiri kwa ajili ya Afrika Mashariki kuruhusiwe. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, mshahara wa kuanzia rupia 15 kwa mwezi, pamoja na posho ya chakula, matibabu na nauli ya kurudi. Maana yake ni kwamba mwajiri, ingawa alikuwa ni dola yenyewe ya Kiingereza, alilazimika kufuata sheria ya nchi anakoajiri kabla ya mtu kupanda merini.

Hatusemi kuwa mkataba huo ulikuwa wa uadilifu. Ulimfunga mfanyakazi kwa vitisho vya adhabu akiacha kazi, na karibu watu 2,500 walifia katika ujenzi huo. Hata hivyo, walipomaliza muda wao, walio wengi walirudi makwao kwa nauli iliyoandikwa katika mkataba, na wapatao 6,700 walibaki kwa hiari zao. Tofauti na mpagazi wa Yambuya ni kwamba hawa walikuwa na karatasi, na nyuma ya karatasi hiyo kulikuwa na serikali iliyowahesabu.

Kipande, manamba na makuli wa Dar es Salaam

Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Uingereza, hati ya udhamini ya mwaka 1922 iliitaka serikali iwalinde wenyeji dhidi ya hadaa na nguvu kwa kusimamia mikataba ya kazi na uandikishaji wa vibarua. Lakini sheria ya mabwana na watumishi iliyotungwa mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi anayeacha kazi kabla ya muda wake kuwa mhalifu. Mwajiri akivunja mkataba aliweza kudaiwa, na mfanyakazi akiuvunja aliweza kufungwa.

Katika mashamba ya mkonge, ambayo mengi yalikuwa ya wageni, mfanyakazi alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, naye alitakiwa azimalize ndani ya siku 42 ndipo apate mshahara wa mwezi. Walioandikishwa mikoa ya mbali na kusafirishwa hadi mashambani walipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba. Wengine kutoka nyanda za juu kusini walichukuliwa na wakala wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, aliyejulikana kwa jina la Wenela, hadi serikali ya Uhuru ilipoukataa uandikishaji huo.

Mjini Dar es Salaam hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu wafanyakazi waliishi pamoja na waliweza kuzungumza. Makuli wa bandarini, walioajiriwa na makampuni ya kigeni ya meli, waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mwezi Septemba 1947 mgomo wao ukaenea kwa njia ya reli hadi bara. Mgomo huo uliwaletea nyongeza ya mishahara. Abdulwahid Sykes, ambaye wasomaji wetu wanamfahamu kwa mchango wake katika harakati za uhuru, alikuwa katibu wa chama cha makuli kilichotokana na mgomo huo. Chama kilifutwa mwaka 1950, lakini vyama vya wafanyakazi vilivyofuata, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho ambalo Rashidi Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wake, viliendelea kudai kuwa mwajiri wa kigeni afungwe na sheria inayomlinda mfanyakazi. Temeke na Magomeni zilipanuliwa zama hizohizo kuwa makazi ya wafanyakazi wa mji huu. Kwa hiyo, mkazi wa vitongoji hivi anapodai mkataba leo, anadai kitu ambacho babu zake walikigomea.

Mgeni anayekuja: anachotakiwa leo

Baada ya Uhuru sheria za kazi zilibadilishwa mara kadhaa. Iliyopo Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kwa mara. Haibagui kati ya mwajiri mwenyeji na mwajiri mgeni. Anayeajiri Mbagala anafungwa nayo, hata kama ofisi yake kuu iko Guangzhou, Istanbul au Jeddah.

Katika misingi yake, mwajiri atatoa maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yenyewe, mahali, tarehe ya kuanza, saa na malipo. Na ikiwa mwajiriwa hayaelewi maandishi hayo, mwajiri analazimika kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mama aliyejifungua ana siku 84, na 100 akijifungua pacha. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28. Kumuachisha mtu kazi bila sababu halali na bila utaratibu wa haki kumekatazwa, na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Juu ya hayo kuna michango ya hifadhi ya jamii. Na mgeni anayetaka kuleta wafanyakazi kutoka kwao anakabiliwa na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayomtaka awe na kibali cha kazi kwa kila mmoja.

Lile sharti la kumfahamisha mwajiriwa kwa lugha anayoielewa ni lilelile la fiqhi, kwamba manfaa na ujira vijulikane kwa pande zote mbili. Sahihi ya mtu chini ya karatasi asiyoifahamu haiondoi gharar.

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu baadhi ya taasisi zetu za kheri. Mwalimu wa madrasa au imamu anayelipwa na wafadhili kutoka nje mara nyingi hana mkataba, hana michango ya uzeeni, na fedha anazopewa huitwa posho au hidaya. Mwaka mfadhili akinyamaza, ustadh hurudi kwao mikono mitupu baada ya miaka kumi na tano ya kazi. Ikiwa ni mtu wa kujitolea, na iwe wazi kuwa amejitolea. Ama ikiwa ana saa za kuingia na kutoka, anaripoti kwa mkuu wake na anakatwa fedha akikosa, huyo ni ajiri, na haki zake ni deni. Jina la hidaya haligeuzi ujira kuwa sadaka.

Kijana anayeondoka: kafala iliyopinduliwa

Mlango wa pili una uchungu zaidi. Mwezi Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Lilizungumza na wafanyakazi 50. Karibu wote walieleza kuwa pasi zao za kusafiria zilichukuliwa na waajiri au mawakala. Wengi walitaja kazi za saa nyingi, kwa baadhi yao hadi saa 21 kwa siku, bila siku ya mapumziko. Wako ambao mshahara walioahidiwa nyumbani haukuwa ule waliolipwa, na wako ambao hawakulipwa kabisa.

Ni mambo ya Yambuya yaleyale. Mkataba umezungumzwa Temeke au Unguja, na kazi iko ndani ya nyumba iliyofungwa mlango, mbali na kila jicho. Tena kuna sheria zaidi ya moja njiani. Binti wa Tandika anayepitia Unguja ameiacha sheria ya 2004 ya Bara, ameingia katika Sheria ya Ajira ya Zanzibar Namba 11 ya 2005, kisha ameshuka Muscat chini ya sheria nyingine kabisa. Sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani, wakawekewa kanuni peke yao mwaka 2004. Falme za Kiarabu ziliwatungia sheria yao mwaka 2017, ikawapa siku ya mapumziko kila wiki na haki ya kukaa na hati zao wenyewe, na sheria nyingine ikachukua nafasi yake mwaka 2022. Mabadiliko haya ni ya kheri, lakini humfaa yule tu anayejua kuwa yapo.

Utaratibu uliozaa mengi ya matatizo haya unaitwa kafala. Mwanafunzi wa fiqhi anapaswa kushtuka kwa jina hilo. Katika vitabu vyetu, kafili ni mtu anayebeba mzigo wa mwingine: mdaiwa akishindwa au asipohudhuria, kafili ndiye anayeulizwa. Dhamana ile ilikuwa ulinzi kwa mnyonge. Katika utaratibu huu wa karne ya 20 mambo yamepinduliwa. Mfanyakazi ndiye anayefungwa kwa mwajiri, asiweze kuhama wala pengine kuondoka bila ridhaa yake, na akitoroka dhulma yeye ndiye anayehesabiwa mkosaji, kama manamba wa mwaka 1923. Hili halina asili katika mlango wa kafala wa madhehebu yoyote, na si halali kulivika vazi la Sharia.

Ama wakala wa hapa kwetu, yeye ni wakili, na wakili ni muaminiwa. Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira inamtaka awe amesajiliwa. Anayemwambia binti mshahara asiouhakikisha, au anayejua kuwa mkataba utabadilishwa akifika, ameshiriki katika dhulma hata kama hakula senti moja ya mshahara wake. Na mkataba unaobadilishwa ugenini bila ridhaa ya mwajiriwa ni batili katika yale yaliyobadilishwa, kwani mtu aliyenyang'anywa pasi na asiye na nauli ya kurudi hana ridhaa ya kweli.

Yanayotupasa

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunawakumbusha wanaohusika mambo matatu.

Mwajiri anayetoka nje, awe mfanyabiashara au mfadhili wa misikiti, aijue sheria ya kazi ya nchi hii kabla ya kumuajiri mtu wa kwanza, na aifuate kwa kuwa ni sehemu ya ahadi yake, si kwa kumuogopa Afisa Kazi peke yake.

Wazazi wa vitongoji vyetu wasimtoe kijana kwenda ugenini kwa maneno ya simu. Mkataba uandikwe, usomwe kwa Kiswahili, nakala ibaki nyumbani, na uonyeshwe kwa mamlaka za kazi na ubalozi. Mzee wa Madyan na Musa (A.S.) walipatana kabla kazi haijaanza, na hilo ndilo pambo la ajira ya halali.

Na sisi Waislamu wa Dar es Salaam, Unguja, Muscat na Dubai, tunaojuana kwa nasaba, kwa dini na kwa lugha, tunayo fursa ambayo Mzabidi yule hakuwa nayo alipoingia Makka. Kila mji kati ya hiyo una misikiti, wanasheria na watu wazima wanaosikika. Wakipatana kumpokea binti aliyenyimwa ujira wake, kumfikisha kwa hakimu na kumrejesha kwao, watakuwa wameifufua Hilful-Fudhul, na itakuwa wameitika wito ambao Mtume wao (S.A.W.) alisema angeuitika.

Wallahu a'lam.